KAZI ZA MIKONO: Sweta la Mtumba, Kofia ya Mtoto Mchanga

Mwezi huu tutajifunza kufuma kwa sindano mbili: mifumo mitano ya mwanzo ambayo kila mfumaji hana budi kuijua, na namna ya kutia milia ya rangi bila kuharibu kazi. Mwisho tutafuma kofia ndogo ya mtoto mchanga.

Bila shaka mama wa Kilwa au wa Lindi akisoma maneno haya atacheka na kuuliza: "Kufuma sweta huku kwetu pwani, ambako hata kanga mbili huchosha kwa joto?" Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu kwanza kabla ya kushika sindano.

Pwani yetu ina joto, lakini mtoto anayezaliwa hatoki katika joto la pwani. Anatoka tumboni mwa mama, mahali penye joto lisilobadilika, naye huja duniani akiwa amelowa maji. Maji yale yakikauka juu ya mwili wake huondoka na joto lake, kama vile sisi wenyewe tunavyosikia baridi tukitoka baharini jioni upepo ukivuma. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukikilinganisha na mwili wake, kwa hiyo joto jingi hupotelea hapo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, ana mafuta machache sana chini ya ngozi, na baridi humwingia upesi zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto wachanga hupata baridi hata katika nchi za joto, na kwamba joto la mwili wao linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Likishuka chini ya hapo, mtoto hulegea, hushindwa kunyonya, na maisha yake huwa hatarini.

Ndiyo maana waganga wanatushauri mtoto akaushwe mara tu anapozaliwa, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kwa watoto njiti kuna ule utaratibu wa kumbeba kifuani mchana na usiku, unaoitwa huduma ya kangaruu. Utaratibu huo ulianzishwa mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, wakati hospitali ilipokuwa na vyombo vichache vya kuwatia joto watoto. Leo Shirika la Afya Duniani linaushauri kwa watoto njiti popote walipo, hata pale penye vyombo hivyo. Vazi la mtoto wa kangaruu ni dogo sana: nepi, soksi na kofia. Mwili wa mama ndio blanketi lake. Basi mwaona, akina mama, kwamba kofia si pambo.

Tena kuna baba na vijana wetu wanaokwenda baharini usiku. Kusi likivuma mwezi Juni na Julai, mvuvi wa Kivinje au wa Somanga anayekesha juu ya mashua hujua thamani ya mzula kichwani. Mkono unaoweza kufuma kofia ya mtoto unaweza kufuma na ya mvuvi, kwani kazi ni ile ile. Tofauti ni idadi ya vitanzi.

UZI SI MGENI KWETU

Wako wanaodhani kwamba kazi ya nyuzi ni ya watu wa nchi za baridi, na kwamba sisi tunaiga tu. Sivyo. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na yale ya Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya duara vyenye tundu katikati. Hivyo ni vigurudumu vya kusokotea uzi wa pamba. Yaani miaka mia nyingi iliyopita watu wa Kilwa walikuwa wakisokota uzi kwa mikono yao.

Jambo jingine la kufurahisha liliandikwa na Mreno mmoja, Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16. Alieleza habari za Waislamu wa Sofala, bandari ya kusini iliyokuwa na biashara kubwa ya dhahabu na Kilwa. Anasema watu wale walifuma nguo za pamba nyeupe, lakini hawakuwa na rangi za kuutia uzi wao. Wakafanyaje? Walichukua nguo za rangi zilizoletwa kwa jahazi kutoka Cambay, India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma uzi ule wa rangi pamoja na uzi wao mweupe. Hivyo nguo iliyokuja imekwisha kufumwa ikawa mali ghafi ya kazi mpya.

Tukumbuke pia kwamba pamba imeleta machozi katika nchi yetu. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa, wananchi waling'oa mipamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Kazi ile ile ya mikono huwa mzigo inapofanywa kwa kulazimishwa, na huwa neema mtu anapoifanya kwa ajili ya nyumba yake. Nasi leo tutafanya kama wale wafumaji wa Sofala: tutafumua nguo iliyotoka ng'ambo, tupate uzi wa kumvika mtoto wetu.

KUPATA UZI KATIKA SWETA LA MTUMBA

Uzi mpya wa dukani ni mzuri, lakini bei yake huwakatisha tamaa wengi, na katika miji yetu midogo haupatikani kila siku. Sweta la mtumba, kwa kuwa huku pwani wanaolitaka ni wachache, mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu. Lakini si kila sweta hufumuliwa. Kabla ya kulipa, fanya hivi:

1. Geuza sweta ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo za kitambaa ni nzima, zimeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, nunua. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi mwingi mwembamba kama wa fulana, liache. Hilo ukilifumua utapata vipande vifupi tu.

2. Shika kitambaa kwa vidole, ukisugue shingoni pako. Kikikuwasha wewe, kitamwasha na mtoto.

3. Tazama viwiko na makwapa. Uzi uliochakaa hukatika mara kwa mara.

Nyumbani, fua sweta kwanza. Kisha fumua mishono ya mabega, ubavu na mikono kwa ncha ya wembe au mkasi mdogo, pole pole, ukate uzi wa kuunganishia tu. Kila kipande kitasimama peke yake. Anza kufumua kutoka juu, upande wa shingo au bega, maana ndipo mfumaji alipomalizia; ukianza chini, uzi utakataa. Uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge kwa kamba laini mahali panne usije ukajisokota, kisha uutoe.

Uzi huo utakuwa na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa msuko. Uoshe kwa maji ya baridi na sabuni, usiukamue kwa nguvu, uutundike kivulini ukiwa na kitu cha uzito kidogo chini yake, kama chupa ndogo ya maji. Ukikauka utakuwa umenyooka. Uviringishe kuwa donge, lakini usiubane.

Sweta la mtu mzima lenye uzito wa gramu 300 linaweza kutoa kofia 8 hadi 10 za watoto wachanga, kwa kuwa kofia moja haizidi gramu 30 za uzi.

SINDANO

Tunahitaji sindano mbili zenye unene wa milimita 4 hivi, yaani kama nusu ya unene wa penseli. Asiyepata za dukani achonge vijiti viwili vya mwanzi mkavu, vya urefu wa sentimita 30, avilainishe kwa msasa na kuvipaka nta ya mshumaa ili uzi uteleze. Mwisho wa kila kijiti afunge ushanga au kamba, vitanzi visidondoke. Wengine hutumia spoku za baiskeli. Hizo ni nyembamba mno kwa kazi hii, kwani nyingi zina milimita 2 tu. Zinafaa kwa uzi mwembamba, lakini kwa uzi wa sweta kitambaa kitakuwa kigumu kama ubao.

VITANZI VIWILI TU

Kazi yote ya sindano mbili inatokana na vitanzi vya aina mbili. Katika ukurasa huu tutaviita kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma.

Kwa kuanza, funga kitanzi kinacholegea juu ya sindano ya kushoto. Ingiza sindano ya kulia ndani yake, pitisha uzi juu ya ncha, uvute utoke kama kitanzi kipya, kisha kipachike kitanzi hicho kwenye sindano ya kushoto. Endelea hivyo mpaka upate idadi unayotaka.

Kitanzi cha mbele: uzi ukae nyuma ya kazi. Ingiza sindano ya kulia katika kitanzi cha kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha, uvute upite kitanzini, kisha uache kitanzi cha zamani kidondoke.

Kitanzi cha nyuma: uzi ukae mbele ya kazi. Ingiza sindano ya kulia kutoka nyuma kuja mbele. Zungusha uzi, usukume upite kitanzini kwenda nyuma, uache cha zamani kidondoke.

Kitanzi cha mbele huonekana laini kama herufi V. Kitanzi cha nyuma huonekana kama kinundu. Ukikigeuza kitambaa, cha mbele huwa kinundu, na kinundu huwa laini. Mama akishika jambo hili moja, amekwisha kujua nusu ya kazi.

MIFUMO MITANO

Anza na vitanzi 24. Kila mfumo ufume mistari 24 upate kipande cha kujifunzia.

Mfumo wa matuta: kila mstari fuma vitanzi vya mbele tu. Kitambaa huwa na matuta kama ya shamba la viazi, pande zote mbili. Hakijikunji, hivyo ni kizuri kwa blanketi.

Mfumo laini: mstari mmoja wote wa mbele, unaofuata wote wa nyuma. Ndio unaouona kwenye sweta nyingi. Kingo zake hujikunja, kwa hiyo lazima uanze na mfumo mwingine chini.

Mfumo wa kuvutika: 2 vya mbele, 2 vya nyuma, mpaka mwisho, kila mstari vivyo hivyo. Huvutika na kurudi. Ni wa ukingo wa kofia na mikono ya sweta.

Mfumo wa mtama: mstari wa kwanza, 1 cha mbele, 1 cha nyuma mpaka mwisho. Mstari wa pili, 1 cha nyuma, 1 cha mbele. Rudia miwili hiyo. Kitambaa huwa kama kimemwagiwa punje za mtama.

Mfumo wa mkeka: mistari 6 ya kwanza, 4 vya mbele, 4 vya nyuma. Mistari 6 inayofuata, 4 vya nyuma, 4 vya mbele. Utaona miraba inayopishana kama mkeka.

Mama wa Lindi aliyekwisha kusuka ukili hatapata taabu hapa. Anayejua kupitisha miyaa, huu juu na huu chini, huku akihesabu bila kuandika mahali, ana akili yote ya kufuma tayari. Vivyo hivyo mama anayeshona kofia za vito kwa ajili ya mumewe. Ni chombo tu kilichobadilika.

Ukimaliza kipande, fuma vitanzi 2, uvushe cha kwanza juu ya cha pili kidondoke. Fuma kingine, uvushe tena, mpaka kibaki kimoja. Kata uzi, uupitishe humo, ukaze.

Sasa lala na rula juu ya kipande cha mfumo laini. Hesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Kwa kofia yetu viwe 22. Vikizidi, unabana mno. Tumia sindano nene kidogo. Vikipungua, tumia nyembamba. Asiyepima hufuma kofia ya mtoto ikamtosha babu yake!

MILIA YA RANGI

Milia ni njia nyepesi ya kutumia mabaki ya nyuzi, nayo ina kanuni nne tu.

Kwanza, badili rangi mwanzoni mwa mstari, upande wa nje, ule laini.

Pili, kila mlia uwe na mistari ya shufwa: 2, 4 au 6. Hapo uzi uliouacha utakuwa unakungoja pale pale pembeni.

Tatu, mlia ukiwa mwembamba usikate uzi. Upandishe pembeni, ukiuzungusha na mwenzake mara moja, wala usiuvute. Ukiuvuta, ubavu wa kofia utapinda.

Nne, jaribu rangi kabla ya kuanza. Lowesha uzi, uubane ndani ya kitambaa cheupe. Ukiacha alama, hasa nyekundu au buluu, usiuweke karibu na uzi mweupe.

KOFIA YA MTOTO MCHANGA

Anza na vitanzi 72 kwa mtoto aliyetimiza miezi, au 56 kwa mtoto njiti.

Fuma mistari 8 ya mfumo wa kuvutika. Ingia katika mfumo laini na milia: mistari 4 mieupe, mistari 2 ya rangi, urudie. Kofia ikifika sentimita 10 (kwa njiti, sentimita 8) na ukiwa upande wa nje, anza kupunguza:

Fuma 6 vya mbele, kisha 2 kwa pamoja. Rudia mpaka mwisho. Vitabaki 63 (kwa njiti 49). Mstari unaofuata wote wa nyuma. Kisha 5 na 2 kwa pamoja. Rudi kwa nyuma. Kisha 4 na 2 kwa pamoja, halafu 3, halafu 2, halafu 1, kila mara ukirudi kwa mstari wa nyuma. Mwisho fuma 2 kwa pamoja mstari mzima. Vitabaki 9 (kwa njiti 7). Kata uzi ukiacha kama sentimita 30, uupitishe katika vitanzi vyote, ukaze, ushone ubavu kwa mshono bapa usiomwumiza mtoto.

Kwa mvuvi anza na vitanzi 112, upunguze kofia ikifika sentimita 18. Hesabu ya kupunguza ni ile ile, na mwishoni vitabaki 14.

TAHADHARI

Usitie kamba za kufungia shingoni, wala shanga na vifungo vinavyoweza kung'oka. Ficha ncha zote za uzi. Fua kofia kabla ya kumvika mtoto. Mtoto aliyekwisha kukua kidogo, mchana wa jua kali, akitoka jasho, mvue. Joto kupita kiasi nalo ni adui. Na kofia haichukui nafasi ya mganga: mtoto akiwa na miguu na kifua vya baridi, akilegea au akikataa kunyonya, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mjifunike, mkimbizeni kituo cha afya mara moja.

Vipi kuhusu kuuza? Hilo nalo ni jema. Andika bei ya sweta, uigawe kwa idadi ya kofia, uongeze sabuni na malipo ya saa zako. Mama asiyehesabu saa zake humpa mnunuzi jasho lake bure. Lakini tunashauri kila sweta moja litoe kofia mbili za kupeleka wodi ya wazazi iliyo karibu. Waulizeni kwanza wakunga wanahitaji za kipimo gani.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipofariki, wajane walisimama wakilia, wakionyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakuonyesha mali yake. Walionyesha kazi ya mikono yake. Katika kijiji chetu huenda usiku wa leo kuna jirani anayejifungua kabla ya siku zake, awe wa kanisa letu au wa msikitini. Kofia ya gramu 30, kutoka sweta ambalo hakuna aliyelitaka gengeni, inaweza kuwa tayari ikimngoja mtoto huyo.

Tunawatakia kazi njema, na mikono isiyochoka.